Dawa Gani Ilipiwe na Mfuko wa Wote? Somo la Klorokini katika Burundi

Imeandikwa na mwenezi wa chama, Kamenge, Bujumbura



Katika mikutano yetu ya viwandani na ya mashambani kuna swali linaloulizwa kila mara: "Kwa nini daktari ameniandikia dawa tatu, na mfuko ukalipa mbili tu? Nani aliyekata ile ya tatu?" Wengine huongeza kwa hasira kwamba dawa nzuri wanapewa wakubwa, na vibarua wanapewa zilizobaki. Swali hili ni la haki, nalo linataka jibu la kueleweka. Basi leo tutaeleza jambo hili hatua kwa hatua: orodha ya dawa ni nini, kwa nini hapana budi itazamwe upya kila baada ya muda, na sisi wafanyakazi tusimame wapi inapobadilishwa.

Mfano wetu mkubwa tutauchukua hapa hapa Burundi, katika ugonjwa ambao hakuna nyumba ya Kamenge isiyoujua. Nao ni malaria.

1. MFUKO WA WOTE NI UPI?

Kwetu matibabu hayalipiwi na mfuko mmoja. Watumishi wa serikali wana mutueli yao, Mutuelle de la Fonction Publique, iliyoanzishwa mwaka 1980. Wakulima na watu wasio na mshahara walitengenezewa kadi ya matibabu mwaka 1984. Kadi hiyo ilipangwa upya mwaka 2012, kwa bei ya faranga 3,000 kwa nyumba kwa mwaka. Kisha tarehe 1 Mei 2006, siku ya sikukuu yetu wafanyakazi, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba watoto walio chini ya miaka 5 na akina mama wanaojifungua watatibiwa bure katika hospitali na vituo vya serikali. Mfanyakazi wa kampuni hutegemea mwajiri wake, au bima ambayo mwajiri ameinunua, au mutueli ya wafanyakazi wenyewe. Kibarua wa siku mara nyingi hategemei kitu ila mfuko wa suruali yake.

Majina ya mifuko ni mengi, lakini pesa zote zinatoka mahali pamoja. Ni kodi tunazolipa na makato yanayotolewa katika mshahara. Hata msaada kutoka nje ni jasho la wafanyakazi wa nchi nyingine waliolipa kodi kwao. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba habari ya dawa ni ya madaktari na mawaziri peke yao. Pesa ni yetu na miili inayougua ni yetu.

Lakini tukubali na jambo la pili: mfuko una mwisho wake. Faranga iliyonunua dawa isiyofaa haiwezi tena kununua dawa inayofaa. Mwaka 2006, baada ya tangazo lile la 1 Mei, akina mama na watoto walijaa katika vituo vya afya, wauguzi wakazidiwa na kazi, na dawa zikawa zinakwisha upesi. Tangazo lilikuwa jema, na watoto wengi walitibiwa ambao zamani wangebaki nyumbani. Lakini kusema dawa ni bure si sawa na kuwa na dawa kabatini. Ilibidi ifike mwaka 2010 ndipo serikali ikaunganisha matibabu ya bure na utaratibu wa kuvilipa vituo kwa kadiri ya kazi viliyoifanya.

Basi ikiwa mfuko una mwisho, lazima mtu achague. Na kuchagua huko ndiko kunakoitwa orodha ya dawa.

2. ORODHA ILIANZAJE?

Zamani kila kampuni ya dawa iliuza ilichotaka katika nchi zetu. Dawa moja ilikuwa na majina kumi na bei kumi. Kidonge cha kupunguza maumivu kiitwacho parasetamoli ni parasetamoli tu, lakini kikivalishwa boksi la kupendeza na jina la biashara, bei inapanda mara nyingi. Pia palikuwa na maji ya kuongeza nguvu, sindano za vitamini, na mchanganyiko wa dawa nne katika chupa moja ambao hakuna aliyethibitisha kazi yake. Nchi maskini zilimaliza fedha zao za kigeni kwa vitu kama hivyo, huku mtoto wa shambani akikosa dawa ya nimonia.

Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu. Ilikuwa na dawa zaidi kidogo ya 200. Wataalamu walisema kwamba hizo zikipatikana kwa bei ya kuwezekana, zinatosha kutibu sehemu kubwa ya magonjwa ya watu. Orodha ile hutazamwa upya kila baada ya miaka miwili. Nyingine zinaingia, nyingine zinatoka, na sasa dawa zake zimepita 500. Kila nchi hutengeneza orodha yake kwa kufuata magonjwa yake. Burundi pia ina orodha yake, na shirika liitwalo CAMEBU ndilo lenye kazi ya kununua dawa muhimu kwa ajili ya hospitali na vituo vya umma.

Makampuni makubwa hayakuipenda habari hii. Mwaka 1982 nchi ya Bangladesh, maskini kama sisi, ilitoa sheria ya kuondoa sokoni dawa zipatazo 1,700 zilizoonekana kuwa na madhara au kutokuwa na faida. Kelele zilikuwa kubwa, hasa kutoka ng'ambo. Bangladesh haikurudi nyuma, na baadaye viwanda vyake vyenyewe vikaweza kutengeneza dawa nyingi muhimu kwa bei ya chini.

Hapo tunapata funzo la kwanza: dawa kuondolewa katika orodha si lazima iwe hasara kwa mfanyakazi. Pengine ni faida kwake. Lakini kuna upande wa pili, na huo tuliuona sisi wenyewe kwa macho.

3. KLOROKINI, DAWA ILIYOKAA MNO KATIKA ORODHA

Sisi tulio na miaka arobaini na zaidi tunaikumbuka klorokini. Ilikuwa chungu kama shubiri, na wengine iliwawasha mwili mzima hata wasilale. Lakini kwa miaka mingi iliponya, nayo ilikuwa rahisi sana: dozi ya mtu mzima ilipatikana kwa kama senti 10 za dola. Toka miaka ya 1940 hakukuwa na dawa ya malaria iliyofanya kazi kubwa kama hiyo katika Afrika.

Kisha nguvu yake ikaanza kupungua. Kwa nini? Ndugu waliolima pamba katika Imbo wataelewa upesi. Ukipiga dawa ile ile ya wadudu mwaka baada ya mwaka, wadudu dhaifu wanakufa na wachache wenye nguvu wanabaki. Hao waliobaki ndio wanaozaa. Baada ya miaka kadhaa shamba zima lina wadudu wasiosikia dawa. Vijidudu vya malaria katika damu hufanya vivyo hivyo. Katika Afrika ya Mashariki vijidudu visivyosikia klorokini viligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Malawi iliacha klorokini mwaka 1993, Kenya mwaka 1998, Tanzania bara mwaka 2001. Badala yake walichukua dawa iliyojulikana kwa jina la Fansidar.

Burundi wakati huo ilikuwa vitani. Watu walikimbia nyumba zao, wakalala makambini na mabondeni, miili yao ikiwa imedhoofika kwa njaa. Mwishoni mwa mwaka 2000 malaria ikalipuka katika milima ambako zamani haikuwa kali: Karuzi, Ngozi, na Kayanza, uliokuwa wakati huo mkoa wenye mashamba ya chai ya Rwegura. Watu wa milimani hawakuwa wameizoea malaria kama sisi wa Imbo, kwa hiyo iliwaangusha vibaya. Kati ya Oktoba 2000 na Machi 2001 waliandikwa wagonjwa zaidi ya milioni 3, katika nchi ambayo watu wake hawakufika milioni 7.

Na dawa iliyokuwa kabatini ilikuwa ipi? Ilikuwa klorokini. Mgonjwa alimeza, homa ikashuka kidogo, na baada ya siku chache akarudi akiwa na hali mbaya zaidi.

Hapo ndipo ulipotokea ubishi mkubwa. Madaktari wa shirika la MSF, waliokuwa wakitibu watu Karuzi, walipima wakaona klorokini imeshindwa na hata Fansidar imeanza kushindwa. Wakataka ziletwe dawa mpya zenye artemisinini, zinazotokana na mmea wa Kichina. Wizara na washauri wake wa kimataifa walisita. Walisema dawa hizo ni ghali, hazijazoeleka, na nchi iliyo vitani haitaweza kuzifikisha kila kituo. Kweli bei ilikuwa kikwazo. Mwaka 2001 kampuni ya Novartis ilikubaliana na Shirika la Afya Duniani kuuza dozi ya mtu mzima ya dawa moja ya namna hiyo kwa kama dola 2 na senti 40. Iweke hiyo kando ya senti 10 za klorokini, utaona kwa nini waliogopa.

Mwaka 2001 Fansidar iliwekwa kwa muda mahali pa klorokini. Vipimo zaidi vikafanywa, na mwaka 2002 wataalamu wakakutana na kukubaliana. Mwezi wa Novemba 2003 Burundi ikaanza rasmi kutumia dawa mbili pamoja, artesunati na amodiakini. Zanzibar nayo ilifanya hivyo mwaka ule ule. Kwa hiyo nchi yetu, pamoja na vita yake na umaskini wake, ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kufanya mabadiliko hayo. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini tusisahau pia kwamba tangu mlipuko wa mwishoni mwa 2000 mpaka Novemba 2003 ni miaka mitatu, na miaka mitatu ni mirefu kwa mama mwenye mtoto mwenye degedege.

Kwa nini dawa mbili badala ya moja? Artesunati hupiga haraka na kuua vijidudu vingi kwa siku chache, kisha inatoka mwilini. Amodiakini hubaki siku nyingi na kumaliza vilivyosalia. Kijidudu kikikwepa ya kwanza, kitakutana na ya pili. Mwanzoni vidonge vilikuwa mbali mbali, na wagonjwa wengine walilalamika uchovu na kutapika. Mwaka 2007 kampuni ya Sanofi na shirika la DNDi walitoa kidonge kimoja chenye dawa zote mbili, bila kuchukua hataza ya kuwazuia wengine wasikitengeneze, kwa bei isiyofika dola moja kwa dozi ya mtu mzima. Tazama basi: dawa iliyosemwa kuwa haiwezekani kwa ubei wake, baada ya miaka michache bei yake imeshuka. Ilishuka kwa sababu nchi ziliidai na mashirika yalikubali kununua nyingi kwa pamoja.

Mwaka 2019 Burundi ilibadili tena, ikaweka mbele artemeta na lumefantrini. Hiyo nayo haitakaa milele.

4. HESABU AMBAYO KILA MFANYAKAZI AWEZE KUIFANYA

Makosa ya kuing'ang'ania klorokini yalikuwa makosa ya hesabu. Watu walihesabu bei ya kidonge. Wangepaswa kuhesabu bei ya mgonjwa aliyepona.

Tufanye mfano. Namba hizi ni za kufundishia tu. Tuseme shamba lina wagonjwa 100. Dawa ya kwanza ni faranga 200, nayo inaponya watu 40. Dawa ya pili ni faranga 1,000, nayo inaponya watu 95. Kila asiyepona anapelekwa hospitali, na huko analipiwa faranga 10,000.

Dawa ya kwanza: vidonge faranga 20,000. Wasiopona 60, hospitali faranga 600,000. Jumla 620,000.

Dawa ya pili: vidonge faranga 100,000. Wasiopona 5, hospitali faranga 50,000. Jumla 150,000.

Ile iliyoonekana rahisi imegharimu zaidi ya mara nne. Na bado hatujahesabu siku za kazi. Ikiwa kila asiyepona anakosa kazi siku 4 zaidi, dawa ya kwanza imekula siku 240 na ya pili siku 20. Siku hizo kibarua halipwi. Na wale wanaokufa hatuwezi kuwaweka katika hesabu ya faranga hata kidogo. Wazee walisema rahisi ni ghali, na katika dawa neno hilo ni kweli tupu.

Kwa hiyo mwajiri au karani wa bima akisema, "Tumechagua dawa hii kwa sababu ni ya bei ya chini," tumwulize, "Kati ya watu mia wanaoimeza, wangapi wanapona?" Asipojua jibu, basi hajachagua dawa. Amechagua bei.

5. MPYA SI LAZIMA IWE BORA, YA ZAMANI SI LAZIMA ITUPWE

Sasa ndugu mwingine atasema, basi kila dawa mpya iingizwe. Hapana. Dawa ipimwe kwanza kwa wagonjwa, kwa haki, ikilinganishwa na ile inayotumika.

Mfano mzuri ni kwinini ya sindano. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa tegemeo la mtu mwenye malaria kali. Ilipokuja sindano ya artesunati, wataalamu hawakusema tu kwamba ni bora. Walifanya kipimo kikubwa katika nchi 9 za Afrika, pamoja na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, kwa watoto 5,425 waliolazwa na malaria kali. Nusu walipewa kwinini, nusu artesunati. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Waliopewa kwinini walikufa karibu 11 katika kila 100. Waliopewa artesunati walikufa karibu 8 na nusu katika kila 100. Tofauti inaonekana ndogo, lakini katika watoto 1,000 ni watoto 24 wanaorudi nyumbani na mama zao. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri artesunati iwe ya kwanza kwa watoto pia. Kwinini haikutupwa. Iliwekwa akiba, kwa mahali ambapo artesunati haipo.

Hata nchi tajiri zinafanya kazi hii ya kuchuja. Ufaransa, ambako madaktari wetu wengi wamefuata mafunzo yake, iliacha mwaka 2018 kulipia dawa nne za ugonjwa wa Alzheimer, ule unaowapotezea wazee kumbukumbu, kwa kuwa faida yake ilionekana ndogo kuliko madhara. Tangu 1 Januari 2021 imeacha pia kulipia dawa za homeopati. Watu wengi walizipenda, lakini vipimo havikuonyesha kwamba zinashinda kidonge kitupu. Mwenye kuzitaka anazinunua kwa pesa zake. Ikiwa Ufaransa yenye mali inafanya hesabu, sisi tutafanyaje bila hesabu?

6. WACHACHE WASITUPWE

Hapa tufike mahali pagumu. Mtu anaweza kusema: wagonjwa wa malaria ni mamilioni, basi pesa zote ziende huko, na wale wenye magonjwa ya watu wachache wajitegemee. Hesabu ya namna hiyo sisi wa sendika hatuikubali.

Mchukue mtoto mwenye ugonjwa wa sukari wa aina ile inayowapata wadogo. Bila sindano ya insulini hawezi kuishi. Pamoja na insulini atakua, atasoma, atafanya kazi. Watoto kama hao si wengi, na insulini ni ya kila siku mpaka mwisho wa maisha. Lakini insulini ilikuwemo katika orodha ile ya kwanza ya mwaka 1977, na haki yake ya kuwemo haitokani na wingi wa wagonjwa. Inatokana na hili, kwamba ikiondolewa, mtu anakufa, wala hakuna kingine cha kumpa.

Ndiyo maana tunachanga. Tusingechanga kama kila mmoja angeweza kujilipia siku ya kuugua. Mzima anamchangia mgonjwa, naye anajua kwamba kesho zamu inaweza kuwa yake. Mfuko unaolipia mafua ya wengi na kumwacha mmoja afe kwa kukosa insulini umesahau kazi uliyoanzishiwa.

7. ORODHA IKIBADILISHWA, TUULIZE HAYA

Tukisikia kwamba orodha ya mutueli, ya bima au ya dispensari ya kampuni inatazamwa upya, tusikimbilie kupinga wala kupiga makofi. Tuulize maswali sita, na majibu yaandikwe.

Kwanza: dawa inayotolewa imeshindwa nini? Haiponyi, ina madhara, au ni ghali tu?

Pili: badala yake inaingia ipi, na je, imekwisha kufika? Kuondoa dawa leo na kuleta nyingine baada ya miezi sita ni kumwacha mgonjwa barabarani.

Tatu: walioizoea dawa ya zamani watafanywaje? Mwenye kifafa, mwenye shinikizo la damu au mwenye kutumia dawa za UKIMWI hawezi kubadilishwa kama mtu anayebadili shati. Lazima apewe muda na daktari wa kumwangalia.

Nne: pesa zilizookolewa zinakwenda wapi? Hili ndilo swali la kutenganisha ukweli na hila. Kama zinanunua dawa nyingine, orodha imetengenezwa. Kama zimepotea tu katika vitabu, basi wametupunguzia haki na kuiita marekebisho.

Tano: nani alikaa mezani? Je, kuna mwuza dawa aliyekuwa akichagua dawa yake mwenyewe? Je, alikuwepo hata mtu mmoja wa kuwasemea wagonjwa na wafanyakazi?

Sita: mgonjwa asiyeridhika apeleke malalamiko wapi, na atajibiwa kwa muda gani?

Yaliyotokea Tanzania ni somo kwetu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa huko ulitoa kitita kipya cha mafao, na bei mpya za kuzilipa hospitali, kuanzia 1 Machi 2024. Wenye hospitali za binafsi hawakukubaliana na bei hizo, na nyingi zikasimamisha huduma kwa wanachama wa mfuko. Mfuko ulikuwa na sababu zake na wenye hospitali walikuwa na zao. Aliyesimama mlangoni na kadi mkononi, ambayo amekatwa mshahara kwa ajili yake, alikuwa mfanyakazi. Pande mbili zikivutana, aumiaye ni nyasi.

8. KWA NINI TUSEME SASA

Kuna mambo mawili yanayotuhimiza.

La kwanza, vijidudu vimeanza tena. Rwanda, jirani yetu wa kaskazini, ilitangaza mwaka 2020 kwamba wamepatikana huko vijidudu vya malaria vinavyochelewa kufa kwa artemisinini. Baadaye vikathibitishwa Uganda, na Tanzania katika mkoa wa Kagera, ambao si mbali na mpaka wetu. Dawa zinazotumika bado zinaponya, kwa sababu ile dawa ya pili inasaidia. Mtu asizitupe. Lakini mbu hana pasipoti. Shirika la Afya Duniani linasema nchi ibadili dawa yake ikiwa wanaoshindwa kupona wamefika 10 katika 100. Ili ujue kama wamefika 10, lazima upime, na kupima ni kazi ya kila mwaka. Tukingoja mpaka makaburi yatuambie, tutakuwa tumerudi mwaka 2000.

La pili, msaada umepungua. Dawa zetu nyingi za malaria na za UKIMWI zimelipiwa kwa miaka mingi na Global Fund na nchi tajiri. Mwaka 2025 Marekani ilipunguza sana misaada yake ya afya katika nchi za nje. Nasi fedha za kigeni zimekuwa haba tangu misukosuko ya mwaka 2015, na karibu dawa zote tunazomeza zinanunuliwa nje. Kwa hiyo orodha zitakatwa, tupende tusipende. Zikikatwa gizani, watakaoumia ni wale wasio na sauti.

TUFANYE NINI?

Katika kila kiwanda na kila shamba, kamati ya wafanyakazi iombe nakala ya orodha ya dawa zinazolipiwa, ibandikwe ukutani kwa lugha tunayoisoma. Mfanyakazi ana haki ya kujua kabla hajaugua.

Mjumbe aandike katika daftari kila dawa iliyokosekana: siku gani, dawa gani, mgonjwa alinunua kwa bei gani. Si lazima aandike jina la mgonjwa wala ugonjwa wake. Daftari la miezi mitatu lina nguvu kuliko hotuba ya saa tatu.

Ukifika farmasi, uliza kama ipo dawa yenye jina la asili badala ya jina la biashara. Mara nyingi ni ile ile, kwa bei ndogo. Lakini usibadili wala usiache dawa uliyoandikiwa bila kumwuliza daktari au mwuguzi.

Maliza dozi. Ukimeza nusu na kumwekea mtoto nusu, humtibu mtoto wala hujitibu, na unavifundisha vijidudu kuizoea dawa. Usinunue vidonge vya sokoni vilivyokaa juani bila boksi wala tarehe.

Na katika majadiliano ya mkataba na mwajiri, tudai kiti katika kamati ya dawa, kama tunavyodai kiti katika kamati ya usalama wa kazi. Hatuombi kiti hicho ili tumfundishe daktari udaktari. Tunakiomba ili yale maswali sita yaulizwe na mtu ambaye mtoto wake ndiye atakayemeza kidonge.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.